Mikorosho Mitatu Kwenye Ardhi ya Bi Mize

Nimekwisha kukabidhi funguo. Kasisi kijana aliyekuja kushika nafasi yangu hapa Chake Chake amepokea pia sanduku la vyombo vya ibada, kinanda ambacho vitufe vyake vya chini vimegoma, na pikipiki ambayo breki zake zinamtaka mwendeshaji awe mtu wa imani. Aliponisindikiza mlangoni aliniuliza kazi ya Pemba ni kazi ya namna gani. Nilianza kumjibu tukiwa tumesimama. Jua likatukuta, tukahamia kivulini. Mama aliyekuwa akifagia kanisa akamaliza, akafunga, akaenda zake. Nami katika maelezo yangu nilikuwa bado sijatoka Bandari ya Mkoani. Ndipo kijana yule akasema kwa adabu kubwa: "Baba, pengine uandike."

Basi naandika, na ninaandika kwa msisimko ambao sikuutegemea kwa mtu wa umri wangu. Vyeo nilivyopewa au nilivyonyimwa nitaviacha. Havina msaada kwa kasisi anayeshuka melini na begi moja. Nitaeleza jinsi watu wanavyohama wakitafuta riziki, na jinsi imani inavyosafiri ndani ya mizigo yao bila kukatiwa tiketi. Zaidi ya yote nitaeleza lile shauri la Makangale, ambapo kanisa zima lilikaribia kuondolewa kwa sababu ya miche mitatu ya mikorosho isiyofika hata magotini.

Mimi ni mzaliwa wa Masasi. Seminarini tulifundishwa Kigiriki na Kilatini na wazee ambao waliamini kwamba mtu asiyejua kunyambulisha kitenzi hawezi kuaminiwa na roho za watu. Katika mafunzo yale utume ulichorwa kama mshale: upande huu yuko anayetuma, upande ule yuko anayepokea, na katikati anakwenda mtu mmoja aliyewekewa mikono, anayejua kwa nini anakwenda. Nilikuja Pemba nikiwa na mshale huo kichwani, na ulianza kupinda siku ileile niliyofika.

Siku hiyo, pale Mkoani, ofisa kijana alifungua sanduku langu akatoa chupa.

"Padri, hii nini?"

"Divai ya ibada."

"Yalevya?"

"Ikinywewa kwa wingi."

"Na nyie mwainywa kwa wingi?"

"Kijiko kimoja."

Akaigeuza chupa, akaitazama tena, akamwita mwenzake aliyekuwa kwenye meza ya pili: "Njoo umwone mtu. Kavuka bahari na chupa nzima kwa ajili ya kijiko!" Wakacheka wote wawili, wakaifunga vizuri kuliko nilivyokuwa nimeifunga mimi, wakanitakia safari njema. Sijui kama mtume yeyote aliyetangulia aliingia katika eneo lake la kazi akiwa kichekesho, lakini ninapendekeza njia hiyo. Watu wakikucheka bila ubaya wanakuwa wamekwisha kukupa nafasi ya kukaa.

Nje ya bandari alinisubiri mtu aliyenifundisha kazi kuliko seminari yote. Jina lake ni Mwalimu Salome, mwalimu wa jiografia wa shule ya sekondari, mwenyeji wa Singida, aliyehamishiwa Pemba akiwa msichana na ambaye kila alipoandikiwa uhamisho wa kurudi bara alipata sababu ya kubaki. Alikuwa mzee wa kanisa. Kabla hatujafika Chake Chake alikuwa amenipa somo la kwanza.

"Huku hawatakuuliza unatoka wapi, Padri. Wataona wenyewe. Watakuuliza umefikia kwa nani. Ukikosa jibu, wewe ni mzigo uliosahaulika bandarini."

"Na mimi nimefikia kwa nani?"

"Leo umefikia kwangu. Kesho tutaona tabia yako."

Enyi mnaoanza, swali hilo lishikeni kuliko kitabu chochote cha uchungaji. Mtu wa bara akiingia kanisani kwa mara ya kwanza, msimwulize kabila wala dhehebu. Mwulizeni amefikia kwa nani. Jibu lake litawaambia kama ana mahali pa kulala, kama kuna atakayejua akiumwa, na kama yuko jirani wa Kipemba ambaye mnapaswa kwenda kumshukuru. Nimewahi kuandaa ubatizo, ndoa na mazishi kwa kuanzia na swali hilo moja tu.

Jumapili yangu ya kwanza nilikuta watu ambao hakuna aliyewakusanya kwa makusudi. Mmoja alikuwa askari polisi, mwingine muuguzi, wengine walimu. Walikuwako fundi mwashi aliyefuata tenda ya ujenzi, mama wa Lushoto aliyeuza viazi na vitunguu sokoni, na mke aliyemfuata mume ambaye siku hiyo mwenyewe hakuja. Walikuwa wa madhehebu mbalimbali, kwa kuwa mahali penye kanisa moja mtu hana anasa ya kuchagua. Nikatangaza wimbo ambao kila Mkristo wa Tanzania anaufahamu. Maneno yalikuwa yaleyale. Sauti zilikuwa za nchi tatu. Waliotoka Kagera walikwenda mbio, waliotoka kusini walivuta kila silabi kama wanaoteka maji kisimani, na askari wetu wa Mbeya alikuwa na kiitikio ambacho wengine wote hawakuwahi kukisikia. Kufikia ubeti wa tatu kila kundi lilikuwa likiimba kwa nguvu ili lisipotezwe na jingine. Nilisimama pale, mimi niliyesoma nota, nikajiambia kwamba nimeletwa kutengeneza jambo hili. Ilinichukua muda kuelewa kwamba lilikuwa limekwisha kutengenezwa, na kwamba nilichokuwa nikisikia ni ramani ya barabara walizopita.

Nilijaribu kuunda kwaya hata hivyo. Nilipata besi wa ajabu, yule askari, akahamishiwa Kigoma. Nikampata fundi umeme; mkataba wake ukaisha. Nikamwomba Mungu aniletee besi mwenye kazi isiyohamishika, naye kwa hekima yake akaniletea mwalimu wa chekechea mwenye sauti nyembamba kuliko wanawake wote wa kwaya. Nikamlalamikia Mwalimu Salome: kila ninayemfundisha anaondoka, ninajaza maji katika pakacha.

"Wewe unahesabu waliotoka tu," alisema. "Umewahi kuuliza wamefika wapi?"

Sikuwa nimeuliza. Nikampigia simu yule askari. Alikopelekwa hakukuwa na kwaya. Sasa ilikuwepo, na ilikuwa ikifanya mazoezi barazani kwake, na walikuwa wakiimba wimbo ule kwa namna ya kusini, ile ya kuvuta, aliyoichukua Pemba. Nakumbuka nilikata simu nikaanza kutembea huku na huku chumbani kama mtu aliyepata jawabu la hesabu. Hakuna aliyemtuma. Alihamishwa! Alipelekwa na waraka wa serikali usiojua habari za Mungu, akafika na alichokuwa nacho. Ule mshale wa seminarini haukuwa na nafasi ya mtu kama huyu, kumbe karibu kila mtu niliyemhudumia alikuwa mtu kama huyu, na mimi pia, nikijichunguza kwa makini, sikuwa tofauti naye sana.

Nikarudi kwenye Kigiriki changu, nikakumbuka kwamba neno parokia katika asili yake ni kukaa ugenini, kuishi kando ya nyumba ya mtu mwingine. Nikaenda mbio kwa Mwalimu Salome kumweleza. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kusahihisha madaftari ya wanafunzi.

"Kumbe Wagiriki nao walipanga vyumba," akasema.

Sasa niingie Makangale. Ni kaskazini kabisa, ukishapita msitu wa Ngezi, na katika miaka ninayoizungumzia palikuwa na shamba la mipira lenye wagemaji wengi kutoka bara. Niliandika tangazo kwamba ibada ya kwanza itakuwa asubuhi na mapema, saa ambayo kila mtu mstaarabu huabudu. Nilifika nikakuta viti, mbuzi, na mimi. Watu walikuwa mashambani. Nikawafuata, nikamkuta mzee wa kanisa lile, Mzee Lazaro, mwenyeji wa Newala, ameinama kwenye shina na kisu chake cha kugemea, akifungua mkato mwembamba wa mshazari, na utomvu mweupe ukianza kuteremka taratibu kuelekea kikombeni.

"Mpira hauna Jumapili, Padri," alisema bila kugeuka. "Jua likipanda, utomvu unaganda. Sisi tunaabudu alasiri, ndoo zikishajaa."

Tangu hapo tukaabudu alasiri. Walikuja wakiwa wameoga, lakini vidoleni kulibaki utando wa mpira uliokauka, nao ukawa kipimo changu cha mahubiri. Neno likiwaingia, mikono hutulia magotini. Likiwachosha, wote huanza kubandua mpira vidoleni, polepole, kwa adabu, huku wakinitazama usoni. Hakuna mwalimu wa uhubiri aliyewahi kunisahihisha kwa ukweli wa namna ile.

Kanisa lenyewe lilikuwa la miti na udongo, limeezekwa bati, na lilisimama kwenye ardhi ya Bi Mize, mjane wa Kipemba mwenye shamba lililopakana na kambi ya wagemaji. Aliwapa mahali pa kusali kwa neno la mdomo, na neno lile lilitosha. Lakini hapa kijana asiyejua Pemba anapaswa kusoma taratibu. Katika visiwa hivi ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Mtu akikukaribisha kwenye ardhi yake utajenga kibanda, utapanda muhogo, utapanda migomba, na hakuna atakayekuuliza, kwa sababu vitu hivyo vinakuja na kuondoka kama wewe. Mti wa kudumu ni habari nyingine. Anayepanda mti wa kudumu anahesabiwa kuwa mwenye mti, na mwenye mti ana neno juu ya ardhi ulipo, yeye na watoto wake baada yake. Kwa hiyo mgeni hapandi mkarafuu, hapandi mnazi, hapandi mwembe. Bara tunapanda mti kanisani kuonyesha upendo. Pemba tendo lilelile linasomwa kama madai.

Mzee Lazaro aliyajua haya. Alikuwa ameishi Makangale miaka mingi na wajukuu zake walizaliwa hapo. Hata hivyo baada ya mvua za masika ndugu yake alimletea mbegu za korosho kutoka Newala, naye akazipanda tatu kando ya kanisa, akazizungushia mawe.

Mimi nilipata habari barabarani. Hamad, mtoto mkubwa wa Bi Mize, mfugaji wa mbuzi na mtu wa maneno makali, alinisimamisha nikiwa juu ya pikipiki, nikasimama mbele kidogo ya pale nilipokusudia kwa sababu ya zile breki.

"Padri, tuliwapa pahala pa kusalia. Nani kawapa pahala pa kupanda?"

"Kupanda nini, Hamad?"

"Usinifanyie usomi. Nenda kaangalie kanisa lako. Na mie nshamwambia Sheha. Mwaondoka nyie, bati na miti yenu, kabla mikanju hiyo haijazaa mawakili."

Mikanju ndiyo mikorosho, kwa lugha ya Pemba. Nikaenda, nikaiona: miche mitatu yenye majani ya kijani laini, iliyopandwa kwa uangalifu ambao ulinitia uchungu. Sheha, yaani kiongozi wa serikali wa pale kijijini, alikuwa amekwisha kuita kikao barazani kwa Bi Mize. Jambo lilikuwa wazi kabisa: Bi Mize akikubaliana na mwanawe, kanisa linavunjwa, na wagemaji wale hawana mahali pengine pa kukutania upande ule wa msitu wa Ngezi.

Nilimwendea Mzee Lazaro nikamwambia neno lililoonekana la busara. Ang'oe miche, tuombe radhi, mambo yaishe.

Alikuwa akinoa kisu. Aliendelea kunoa.

"Ng'oa wewe, Padri. Mimi mkono hautaki."

"Mzee wangu, ni miche mitatu."

"Ninajua ni mingapi. Tangu nimekuja huku ninakata miti ya watu. Kila kukicha ninakata. Ninakata vizuri, hata msimamizi anasema. Sijapanda hata mmoja. Mjukuu wangu ameniuliza bibo likoje, nikamchorea mchangani. Umewahi kumchorea mtoto tunda, Padri? Anakutazama kama unamdanganya."

Nikaondoka bila kuigusa miche. Mwalimu Salome, niliyemchukua nyuma ya pikipiki siku ya kikao, alinipa ushauri mmoja tukiwa njiani, akipiga kelele juu ya mlio wa injini: nisiende na hoja, niende na aliyepanda. Nilikuwa nimeandaa hoja nzuri sana, iliyoanzia kwa Wagiriki. Nikaiweka mfukoni, nikitumaini kwamba nafasi yake itapatikana.

Bi Mize tulimkuta barazani akisuka ukili, ule mkanda wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka. Hakuacha kusuka tulipobisha hodi, hakuacha tulipomwamkia, hakuacha Sheha alipofungua kikao kwa Bismillahi na kwa hotuba fupi juu ya ujirani mwema. Alinyanyua macho mara moja tu, kumtazama Mwalimu Salome.

"Salome, wakonda. Huko mjini hawakupi chakula?"

"Wananipa madaftari, Bi Mize."

"Madaftari hayashibishi. Haya, Hamad, sema uliyonayo, mie niko kazini."

Hamad akasimama. Niseme kwa haki kwamba alizungumza vizuri.

"Mie sina ugomvi na sala zao. Wasali. Lakini leo mikanju mitatu, kesho kumi, kesho kutwa twaambiwa hapa shamba la kanisa, na mama hayupo, na mashahidi hawapo. Halafu makanju yenyewe! Watu wa bara hawayali yale, wayapikia pombe. Mwataka pombe ipikwe kwenye ardhi ya Bi Mize?"

Baraza likanguruma. Mzee Lazaro akainuka.

"Nipike mimi? Kwa mke gani? Mama Upendo harufu tu ya pombe akiisikia, mtu analala nje."

Bi Mize akasimamisha kidole kimoja kwenye ukili. "Mama Upendo yule mwenye kuuza maandazi?"

"Ndiye, Bi Mize."

"Namjua. Mkali."

"Mkali sana, Bi Mize."

"Basi pombe haipikwi. Hilo limekwisha. Endelea, Hamad."

Watu walicheka, Hamad mwenyewe akauma mdomo asicheke. Lakini hoja yake ya kwanza ilikuwa bado imesimama, na kila mmoja wetu alijua. Bi Mize akamgeukia Mzee Lazaro.

"Weye Lazaro. Mgeni au mwenyeji?"

Nikaona nafasi yangu. Nikasema: "Bi Mize, ukiniruhusu, katika lugha ya kale ya Wagiriki..."

"Padri, sikukuuliza weye."

Mwalimu Salome aliangalia paa la baraza kwa umakini mkubwa. Nikakaa. Mzee Lazaro akasogea mbele ya Bi Mize. Kisha akasema, na ninayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia:

"Nikisema mgeni, utaniuliza kwa nini nimepanda. Nikisema mwenyeji, Hamad ataniuliza nani kanipa ardhi. Mimi ni mtu niliyehamia, Bi Mize. Nilikuja na kisu na mke. Sitaki ardhi. Miti ni yako, kama ardhi ilivyo yako. Mimi niruhusu niione inakua, basi."

Sheha alikuwa mtu wa utaratibu. Akainua mkono. "Rudia mbele ya watu. Miti ya nani?"

"Ya Bi Mize."

"Na watoto wako wakija kudai?"

"Wadai nini? Baba yao amekwisha kusema. Watakula kanju wakipewa."

"Maneno tu hayo," alisema Hamad. "Maneno hayana mzizi. Mikanju inao."

Hapo ndipo Bi Mize alipoweka ukili chini. Tendo hilo moja lilishinda hotuba yote ya Sheha.

"Nipeni viatu vyangu," akasema. "Naenda kuiona hiyo miti yangu."

Hakuwahi kufika kanisani pale tangu alipowapa mahali. Alitangulia mbele, mdogo wa mwili, mwepesi wa mguu, na nyuma yake tukafuata Sheha, Hamad, wagemaji, wake zao, na mimi na hoja yangu mfukoni. Mama Upendo alipoona msafara unakuja aliacha karai la maandazi likiungua. Nilikuwa na hofu, na nikiri kwamba nilikuwa pia na furaha, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nikiona kijiji kizima, wa msikitini na wa kanisani, wakitembea kuelekea mahali pamoja.

Bi Mize akasimama mbele ya mche wa kwanza, ulio karibu na ukuta.

"Huu nani kaupanda hapa?"

"Mimi, Bi Mize."

"Lazaro, weye watoka nchi ya mikanju?"

"Ndiyo, Bi Mize. Newala."

"Na mie kwetu nilikozaliwa mikanju ilijaa, hapa Makangale ndipo haipo. Mkanju watanuka kama mtu mwenye njaa. Ukuta wenu wa udongo. Huu ukikua mwabaki na nusu kanisa, na nusu iliyobaki mwanipa mie lawama. Ung'oe."

Mzee Lazaro akapiga magoti. Mkono uliokuwa umekataa ushauri wangu ukashika mche ule, ukautikisa, ukautoa na udongo wake, na usoni mwake hapakuwa na huzuni niliyoitazamia. Alikuwa akitingisha kichwa kama fundi aliyeonyeshwa kosa na fundi mwenzake.

Bi Mize akaenda kwenye miwili iliyobaki, akainama, akashika jani moja. Nusu ya jani haikuwepo.

"Hii imeliwa."

Akatuonyesha jani lile.

"Nani kala mti wangu?"

Mzee Lazaro akakohoa. "Mbuzi, Bi Mize."

"Mbuzi wa nani?"

Mzee Lazaro akatazama mawingu. Sheha akatazama viatu vyake. Wagemaji wote kwa pamoja wakaanza kubandua mpira vidoleni.

"Hamad. Mbuzi wa nani?"

"Mama, mbuzi hawana..."

"Nimekuuliza wa nani!"

"Wetu."

"Ala! Mti wangu, waliwa na mbuzi wangu, na weye mwanangu waniita kikao kushitaki watu?"

Kicheko kilichopasuka pale sijawahi kukisikia tena. Alianza Mama Upendo, akashika mbavu. Akafuata Sheha, aliyelazimika kuvua kofia. Hamad alisimama katikati, mikono kiunoni, akitafuta mahali pa kuweka hasira yake asipate, na mwishowe uso ukamshinda, akacheka naye, akiinamisha kichwa.

Bi Mize peke yake hakucheka. "Sheha, andika au usiandike, shauri lako. Ardhi yangu, miti yangu, hawa watu wangu wakae wasali. Pombe hapana. Na kanju la kwanza mwaniletea mie. Hamad, kalete miba na fito. Miti isiyo na uzio mie sina haja nayo."

Wenzangu mtakaokuja, mtaulizwa na wakubwa wenu huko bara utume wenu Pemba umezaa nini, nao watataka idadi. Sikuwahi kuwa na idadi ya kujivunia. Waliokuja walikuwa wamekwisha kuwa waamini kabla ya kuniona, na wengi walikwenda zao kabla sijawafahamu vizuri. Nilichokiona ni watu wanaohama kwa sababu ya njaa, waraka, tenda au ndoa, ambao wanapofika mahali wanalazimika kumwambia mwenye mahali wao ni nani, kwa ukweli, bila kujikweza na bila kujificha. Mzee Lazaro alifanya hivyo kwa maneno machache kuliko mahubiri yangu yoyote, na sijui jina jingine la kuliita tendo lile ila utume.

Hamad alirudi na mzigo wa miba kichwani, na fito na kamba begani. Akautua, akapima kwa macho, akachimbia fito ya kwanza kwa panga, kwa ustadi wa mtu anayewajua mbuzi wake na hila zao zote. Akachimbia ya pili. Sisi, kundi zima la Wakristo wa Makangale, tulisimama tukimtazama kwa heshima, mikono nyuma, kama watu walioalikwa kwenye sherehe ya mwingine. Akageuka, jasho likimtiririka, akatutazama mmoja mmoja, kisha akanitupia ncha ya kamba.

"Na nyie msisimame kama wageni. Shikeni hapo!"

Nilikuwa wa kwanza kushika.